Matumbawe Si Kuku wa Gredi

Kuku wa gredi hupewa chakula mchana na usiku, taa haizimwi, na wiki sita baadaye yuko kwa sufuria. Huo ni ufugaji wa haraka na una hesabu yake. Leo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na watu wanaochukua hesabu hiyo hiyo na kuihamishia kwenye tangi la maji ya chumvi sebuleni. Wamenunua vipande vya matumbawe, wamefunga taa za buluu, wamepiga picha na kupost. Mwezi haujaisha, swali ni moja: mbona hayakui? Na jibu wanalopewa, dukani na mtandaoni, nalo ni moja: ongeza chakula. Kuna chupa ya unga, chupa ya asidi amino, chupa ya planktoni, na chupa ya nne ambayo hata muuzaji hawezi kukueleza ndani kuna nini.

Nasema hivi: ukimwaga namna watu wanavyomwaga, chupa hizo hazilishi matumbawe. Zinalisha mwani, zinalisha uchafu, na zinalisha biashara. Na anayelipa mwishowe ni mnyama asiye na sauti ya kulalamika wala miguu ya kukimbia.

Ndiyo, mnyama. Tuanze hapo, maana tumezoea kuyaona matumbawe kama mawe. Na tuna sababu: Gede ilijengwa kwa mawe hayo, Lamu pia, na Fort Jesus imekalia mwamba huo tangu miaka ya 1590. Lakini jiwe ni mifupa tu. Aliyeijenga ni polipi, kiumbe laini chenye mdomo mmoja na minyiri kuuzunguka. Maelfu yao wakikaa pamoja ndio wanaitwa tumbawe. Ndani ya nyama ya polipi kunaishi mwani wa seli moja. Mwani huo unapata makao, na kodi yake unalipa kwa sukari na mafuta unayotengeneza kwa mwanga. Kwa matumbawe mengi ya maji ya kina kifupi, kodi hiyo inaweza kufikia asilimia 90 ya nguvu yanayohitaji.

Kuna kundi ambalo likisikia hayo linafunga mjadala: basi mwanga unatosha, usilishe chochote. Nao pia wamekosea, na inafaa tuwajibu kabla hatujaendelea. Chakula cha mwanga ni kama kushiba ugali mtupu. Nguvu utapata, lakini mwili haujengwi kwa ugali bila mboga. Nitrojeni na fosforasi lazima zitoke mahali, na ndiyo maana usiku ukiingia polipi hunyosha minyiri na kuwinda wadudu wadogo wanaopita na maji. Watafiti wa Monaco walilisha matumbawe ya aina ya Stylophora pistillata kwa planktoni hai, na yaliyolishwa yakaongeza nyama na mifupa kuliko yaliyonyimwa. Mwaka 2013 timu ya Jörg Wiedenmann wa Southampton, Uingereza, ilionyesha kwamba matumbawe yakikosa fosfeti huku nitrojeni ikiwa nyingi, yanapauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vikizidi. Kwa hivyo yule msee anayejisifu kwamba maji yake yana nitreti sifuri na fosfeti sifuri, ajue anafuga njaa.

Kulisha, basi, kunasaidia. Swali ni kulisha nini, lini, kiasi gani, na nini kingine lazima kiwepo. Hapo ndipo chupa zinanyamaza.

Chukua hesabu ndogo. Tangi la lita 200 unalitaka libaki na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1 kwa lita, kwa miligramu. Kupandisha maji hayo yote kwa 0.1 kunahitaji miligramu 20 tu za fosfeti. Miligramu 20 hazifiki hata chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Sasa wewe unamwaga vifuniko viwili vya chakula kila jioni kwa sababu lebo imesema “kwa ukuaji wa haraka”. Polipi wanadaka kidogo. Kilichobaki kinaoza nyuma ya mawe, na wiki ya tatu kioo kimekuwa kijani.

Mwani ukija angalau unaonekana. Madhara mengine huyaoni. Miaka ya 1970, Kinsey na Davies walirutubisha kwa miezi kadhaa maji ya sehemu ya mwamba wa One Tree Island, Australia, kwa nitrojeni na fosforasi, na kasi ya mwamba kujenga chokaa ikashuka kwa zaidi ya nusu. Rudia hiyo taratibu: waliongeza virutubisho, ujenzi ukapungua. Mtu anayemwaga chupa ya tatu ili tumbawe likue huenda ndiye anayelizuia.

Halafu kuna suala la mali ghafi. Mifupa ya tumbawe ni kalisi na kaboneti. Kila miligramu 20 za kalisi zinazotoka katika lita moja ya maji kwenda kuwa mfupa huondoka na alkalini ya karibu digrii 2.8 kwa kipimo cha dKH. Maji ya bahari yana kalisi ya miligramu 400 na kitu kwa lita, na alkalini ya karibu digrii 7. Fanya hesabu uone ni kipi kitaisha kwanza. Ukimlisha polipi vizuri na alkalini imeanguka, umemlipa fundi, umemnunulia chai na mandazi, halafu hukumletea simiti. Atashinda amekaa. Na bado watu wananunua chupa ya chakula ya elfu kadhaa kabla ya kununua kifaa cha kupima alkalini.

Anayetaka kulisha kwa heshima hahitaji siri yoyote. Pima maji kwanza, na uone kama vipimo vimetulia wiki nzima. Subiri taa zizime na minyiri itoke. Zima pampu ya mkondo dakika kumi hivi. Kwa matumbawe yenye midomo mikubwa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano kuweka kipande kidogo cha kamba au artemia karibu na mdomo, mara moja au mbili kwa wiki. Yenye midomo midogo kama Akropora yape vitu vidogo kweli: rotifa, artemia waliototolewa leo, na kinyesi cha samaki wako, ambacho ni chakula unachopata bure. Kilichokataliwa, kitoe. Wapo wachache kama Tubastraea, wale wa rangi ya machungwa wasio na mwani ndani, ambao lazima walishwe mara nyingi la sivyo wanakufa. Kama huna muda huo, usimnunue, hata awe mrembo namna gani.

Na kwa Nairobi kuna sharti moja ambalo hakuna lebo inalitaja: stima. Ukimwaga chakula saa moja na stima ikapotea saa mbili, pampu zimekufa, maji yametulia, na bakteria wanaokula mabaki wanamaliza oksijeni wakati uleule ambao samaki na polipi wanaihitaji. Tangi lililolishwa kwa kiasi huvumilia giza kwa muda. Tangi lililovimbiwa unaliamkia asubuhi linanuka.

Utaniambia, tangi ni langu na pesa ni zangu. Kioo ni chako, sawa. Lakini matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa sababu dunia ilikubaliana kwamba kuyauza bila udhibiti kunaweza kuyamaliza. Tumbawe la Porites hukua kama sentimita moja kwa mwaka. Kipande cha ukubwa wa ngumi kilichovunjwa baharini kilianza kabla hujajiunga na sekondari. Ukikiua kwa papara ndani ya miezi miwili, pesa yako hairudishi miaka hiyo. Kama ni lazima ufuge, tafuta kipande kilichokatwa kutoka tangi la mwenzako, na umuulize alikilishaje.

Lakini jambo linaloniuma zaidi liko nje ya sebule. Wafugaji wa matangi ndio watu wachache jijini wanaojua kwa vidole vyao kwamba nitreti na fosfeti zikizidi, matumbawe yanaumia. Wanajua kupima. Wanajua mwani ukishika mwamba haubanduki. Sasa fungua ramani. Mto Nairobi unaingia Athi. Athi unateremka, unaitwa Galana, halafu Sabaki, na unamwaga baharini kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Pale pana hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, mojawapo ya za kwanza Afrika. Udongo wa mashamba yetu, mbolea yetu, na maji ya vyoo vyetu yasiyosafishwa vinaingia katika mto huo. Miji ya Pwani nayo inaongeza yake. Matumbawe hayo yalipata pigo la joto la mwaka 1998 na mengi yakafa. Kupona kwake kunahitaji maji safi.

Kwa maneno mengine, Nairobi nzima tunalo tangi moja kubwa la matumbawe, na tunalilisha kila siku bila kipimo, bila chujio, na bila kuangalia kama mdomo umefunguka. Mtu anayetumia shilingi elfu thelathini kwa chujio la povu sebuleni, na hajawahi kuuliza maji ya choo cha ploti yake yanaishia wapi, amejifunza nusu ya somo.

Nusu ya pili haina chupa wala picha ya kupost. Ni kumuuliza mwenye nyumba kama bomba la majitaka limeunganishwa na la mji au linaishia mtoni. Ni kumuuliza MCA wako swali hilo hilo mbele ya watu, na kurudi mwezi ujao kuuliza tena. Kwa tangi la nyumbani, nunua kipimo kabla ya chakula, halafu vumilia. Tumbawe likiwa na mwanga, simiti na kitoweo kidogo, litakua kwa mwendo wake. Sentimita moja kwa mwaka ni kukua.