Mashine za Michezo za Zamani na Mikono ya Vijana Wetu



Juma hili tunawaalika mtafakari pamoja nasi jambo ambalo wengi wenu mtaliona dogo, na pengine lisilostahili nafasi hii. Wako vijana wanaokusanya mashine za zamani za michezo ya video, wakazifungua, wakazitengeneza, na kuzigeuza zifanye yale ambayo kiwandani hazikukusudiwa kuyafanya. Hapa Tabora wapo, Ng'ambo, Isevya na Kanyenye. Si wengi. Utawakuta nyuma ya meza za mafundi redio au chini ya mwembe, wameizunguka runinga ya chogo iliyonusurika kutupwa. Wazazi wao wanalalamika. Sisi tunaona malalamiko hayo yana nusu ya ukweli, na hiyo nusu nyingine ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Tukumbushane kwanza jinsi mashine hizo zilivyotufikia. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na vifaa vyake. Zanzibar ilikuwa na runinga ya rangi tangu miaka hiyo ya 1970, lakini huku Bara vituo vya runinga vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo kizazi chetu, tuliozaliwa karibu na mwaka 1980, tulikutana na runinga na mchezo wa video takriban kwa wakati mmoja, tena tukiwa tumeshaota ndevu za kwanza.

Mashine tuliyoiona aghalabu haikuwa ile halisi ya kampuni ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa jina la Family Computer, au kwa kifupi Famicom. Zilikuwa nakala zilizoundwa Taiwan na China, zenye majina chungu nzima, zikiuzwa pamoja na kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo 9,999,999. Aliyekuwa na subira ya kuhesabu aligundua kwamba michezo ni michache tu, inayorudiwa na kurudiwa kwa majina mapya. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba karatasi inayobandikwa juu ya kitu na kitu chenyewe ni mambo mawili.

Sasa, kwa nini kijana wa leo, mwenye simu inayoizidi mashine hiyo mara maelfu, ahangaike nayo? Jibu liko ndani ya kasha lake. Famicom halisi ina chipu kuu mbili: moja hupiga mahesabu na kutoa sauti, nyingine huchora picha. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2, yaani haiwezi kubeba hata robo ya maneno ya tafakari hii. Udogo huo ndio faida yake. Kijana wa kidato cha tatu, akipata mtu wa kumwongoza, anaweza kuielewa mashine yote, kuanzia waya wa umeme hadi nukta ya mwisho kwenye kioo. Simu iliyo mfukoni mwake hataielewa kwa namna hiyo, wala hakuna mhandisi mmoja duniani anayeielewa yote peke yake. Zaidi ya hayo, simu imefungwa kwa gundi, kana kwamba mwenye mali ndiye mwizi anayezuiwa asiingie.

Wapenzi wa mashine hizi huko Marekani, Ulaya na Japani wanafanya mengi. Famicom ya asili hupeleka picha kwenye runinga kwa njia ya antena tu, nayo picha hiyo huja na chenga. Wao huichukua moja kwa moja kutoka kwenye bodi, wakiongeza transista moja, rezista chache na kapasita, na picha inatakata. Mashine ya mkononi ya Game Boy ya mwaka 1989, iliyokuwa na kioo kisicho na mwanga, huvishwa kioo kipya na betri ya kuchaji. Wako wanaoagiza kila kipande na kuunda mashine nzima upya. Kwao hiyo ni burudani ya jioni na ya fedha za ziada. Kijana wa Isevya haagizi kitu. Kidhibiti umeme cha volti 5 anakitoa kwenye redio iliyokufa, kapasita anaitoa kwenye king'amuzi kilichopigwa na radi, na swichi anaitoa popote. Zile nakala zina ugumu wake pia, kwa kuwa mara nyingi chipu zote zimeunganishwa kuwa moja na kufunikwa kwa tone la gundi nyeusi. Likifa tone hilo, hakuna dawa. Lakini kinachokufa mara nyingi si hilo. Ni swichi, ni waya wa pedi, ni mdomo wa kaseti uliojaa kutu, au ni adapta ya Japani ya volti 100 ambayo mtu aliichomeka kwenye umeme wetu wa volti 230 bila kusoma.

Tunapenda mno mfano wa bunduki ya mwanga, na msomaji atuvumilie. Wengi mnaikumbuka ile bastola ya plastiki ya kuwinda bata. Tulidhani inarusha kitu kwenye kioo. Hairushi kitu chochote. Yenyewe ndiyo inayotazama. Ukivuta kifyatulio, mashine huufanya uso wa runinga kuwa mweusi kwa nukta ndogo ya sekunde, kisha huweka kijiraba cheupe mahali alipo bata. Jicho lililo ndani ya mtutu likiuona mweupe huo kwa wakati ule ule, bata ameanguka. Runinga ya chogo huchora picha mstari kwa mstari papo hapo inapoipokea, hivyo hesabu inalingana. Runinga bapa huipokea picha, huitengeneza kwanza, ndipo huionyesha. Mwanga unafika mashine ikiwa imeshaacha kuungoja. Ndiyo maana bastola ile haiui bata yeyote kwenye runinga mpya, na ndiyo maana vijana hawa wanazitunza runinga ambazo sisi tunazigeuza vibao vya kuwekea sufuria. Aliyelielewa jambo hili kwa mkono wake ameshasoma mada nzima ya fizikia, hata kama bado hajui kwamba ameisoma.

Iko pia PlayStation 2, ambayo kwa vibanda vyetu ndiyo mfalme. Ilitoka mwaka 2000, utengenezaji wake ulikoma karibu na mwaka 2013, nayo iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Adui yake ni vumbi, na vumbi la Septemba hapa Tabora hatuna haja ya kulieleza. Lenzi inayosoma diski huchoka. Mafundi waliiruka lenzi yenyewe: programu ndogo huwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na mchezo husomwa kutoka kwenye flashi. Kwa kuwa tundu lake la flashi ni la kizazi cha kale, vipande vya filamu kati ya mchezo na mchezo hukwamakwama, lakini mpira unachezeka.

Tabora haikuanza jana kupokea vitu vya mbali na kuvigeuza. Burton na Speke walipofika hapa Kazeh tarehe 7 Novemba 1857, njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilikuwa imeshakomaa. Misafara ilipanda na vitambaa, shanga na masango, yaani waya mnene wa shaba, nayo ilishuka na pembe za ndovu na, kwa aibu isiyofutika, wanadamu waliotiwa utumwani. Ule waya haukubaki kama ulivyokuja. Mafundi wa Unyamwezi waliuvuta ukawa mwembamba, wakauzungusha kwenye nywele za mikia ya wanyama, wakatengeneza mapambo ya miguu ambayo aliyeusafirisha waya huo hakuyawazia. Mababu hao hao waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyofaa kwa kilimo, kwa biashara na hata kwa mahari.

Kisha likaja jembe la kiwandani, la bei nafuu, na matanuri yakazimwa. Hatusemi watu walikosea kununua jembe rahisi. Mkulima hana budi kulima. Tunasema tu kwamba elimu iliyokaa mikononi kwa karne nyingi ilipotea upesi kabisa, na leo mwenye kutaka kujua chuma kiliyeyushwaje hana budi kuuliza kwenye vitabu vya wageni.

Mwaka jana mama mmoja alitujia na mwanawe wa kidato cha nne, pamoja na mfuko wa nyaya. Baada ya salamu akasema, "Padre, mwambie huyu mtoto wako aache. Kitabu hashiki, shambani haendi, kutwa kucha na makopo haya." Tulimwomba kijana atueleze mashine iliyomo mfukoni ina ugonjwa gani. Alieleza kwa nusu saa: picha ipo, sauti haipo, umeme unafika hapa, hapa haufiki, kapasita hii imevimba kichwa, hii imevuja na kula njia ya shaba. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hatukumwambia kijana aache. Tulimpa masharti: siku za shule hapana, Jumamosi baada ya kazi za nyumbani ndiyo, na somo la fizikia lisishuke. Mama hakuridhika, na tunasikia bado hajaridhika. Tunamheshimu, kwa sababu anayelipa ada ni yeye.

Na nusu yake ya ukweli tunaikiri wazi. Kibanda cha gemu kinachopokea mtoto mwenye sare saa nne asubuhi kinastahili kufungwa kwa saa hizo, bila mjadala. Tena mpaka kati ya kutengeneza na kucheza hauko wazi kama vijana wanavyotuapia; fundi lazima aijaribu mashine, na majaribio hayo tumeyaona yakichukua saa tatu. Tunashangaa, hata hivyo, kuona mzazi anayemfokea mwanawe kwa kushika chuma cha kulehemu akipita kimya mbele ya mashine za kamari za sarafu zilizosimama vijiweni. Ndani yake nazo mna bodi, chipu na nyaya, kama zile. Tofauti ni kwamba hizo zimepigwa kufuli, na biashara yake yote inategemea mchezaji asijue kinachoendelea ndani. Kwenye meza ya yule kijana kifuniko kiko wazi, na kila apitaye anaruhusiwa kuuliza. Kama tuna hasira ya kutosha mashine moja tu, tunajua tungeielekeza wapi.

Wengine watauliza kama mchezo wenyewe unafaa. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, alifundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili na kwamba pumziko lake hupatikana katika mchezo. Akaona kasoro hata kwa mtu asiyejua kucheza kabisa. Alitaka kiasi, naam, lakini kiasi cha mchezo si sawa na sifuri.

Jambo linalotupa taabu zaidi ni la kunakili. Nyingi ya zile kaseti za zamani zilikuwa nakala zisizo na idhini, na flashi za leo ni hivyo hivyo. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na kazi ya akili ya mtu mwingine ni mali yake hata kama hayupo Tabora kuidai. Kutengeneza mashine uliyoinunua ni halali kabisa. Kuuza michezo iliyonakiliwa ni jambo jingine, na hatutalibariki kwa kuwa tu mtendaji wake ana kipaji.

Tumalizie na mambo ya meza yenyewe. Mabinti hawaonekani kwenye meza hizi, na sababu iliyo ya haki hatuijui, wakaribishwe. Risasi ya kulehemu ni sumu: dirisha liwe wazi, mikono ioshwe kabla ya kula. Runinga ya chogo ya rangi huweza kushika umeme wa zaidi ya volti 20,000 hata baada ya kuchomolewa, kwa hiyo kijana asiifungue peke yake pasipo fundi mzoefu. Tangu kuzimwa kwa mitambo ya analojia kulikoanza tarehe 31 Desemba 2012, runinga nyingi za aina hiyo zimelala stoo. Usizivunje, maana kioo chake kina madini ya risasi, wala usiziuze kwa kilo. Mpelekee fundi wa mtaani kwako, na umweleze kama ilizimika ghafla au ilififia polepole, kwa kuwa hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.

Dominika njema.