Kabla Basi Halijafika Bukhungu



Leo naongea na mashabiki wa mpira. Wewe wa Ingwe, wewe wa K'Ogalo, wewe wa Tore Bobe, sogea karibu. Na wewe unayesema mpira si wako, usipite. Mwishoni nina neno lako pia.

Kwanza niseme wazi, nisije nikanukuliwa vibaya. Mpira si dhambi. Kusafiri kilomita 400 kufuata timu yako ugenini si dhambi. Tena nitakuambia ukweli, watu hawa wana kitu ambacho makanisa mengi yanakililia. Wanafika kwa wakati. Wanachanga bila kukumbushwa mara tatu. Wanaimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na timu ikifungwa bado wiki ijayo wanarudi. Mpe mchungaji yeyote washirika hamsini wa namna hiyo na atashukuru Mungu kwa machozi.

Shida yangu haiko uwanjani. Iko njiani.

Unajua ule mpango unaozunguka kwenye simu siku chache kabla ya mechi. Tuseme timu inaenda Kakamega, uwanja wa Bukhungu, kucheza na Homeboyz. Tunatoka Nairobi saa kumi alfajiri. Naivasha tunasimama saa kumi na mbili, "kutoa baridi". Nakuru saa moja na nusu. Kericho saa nne. Kisumu saa sita, samaki na kreti. Kisha Kakamega, mpira saa tisa. Kila kituo kina jina la baa, na kila baa ina mtu aliyepewa kazi ya kupiga simu mapema ili vinywaji viwe baridi basi likifika.

Soma huo mpango tena polepole. Baa zimeandikwa zote nne. Dereva ameandikwa wapi? Chakula kimeandikwa wapi? Nani anahesabu watu basi likiondoka?

Usidhani ni Wakenya peke yao. Kule Uingereza, ambako wengi wenu mna timu ya pili (wengine ndiyo ya kwanza, najua), desturi hii ni ya siku nyingi. Mwaka wa 1980 mashabiki wa Celtic na Rangers walivamiana uwanjani baada ya fainali ya Kombe la Scotland pale Hampden Park. Mwaka huo huo Scotland ikatunga sheria ya kuzuia pombe viwanjani na kwenye mabasi yanayobeba mashabiki. England na Wales zikafuata mwaka wa 1985. Je, kiu iliisha? Hapana. Kama chupa haikubaliki ndani ya basi, basi linasimama kwenye baa ya mji mdogo ulio njiani. Ikabidi wenye mamlaka waweke mwongozo mwingine, kwamba basi la mashabiki lisisimame penye kuuzwa pombe likiwa limebakisha chini ya maili 10 kufika uwanjani, isipokuwa kwa mpango maalumu, na lisifike mapema zaidi ya saa mbili kabla ya mechi.

Umeona? Sheria ilihamisha chupa. Haikuondoa kiu.

Hapa kwetu tuna sheria ya vileo ya mwaka wa 2010, ile watu huita Sheria ya Mututho. Iliweka kwamba baa ya kawaida ifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Sasa rudi kwenye mpango wako. Saa kumi na mbili asubuhi, saa moja na nusu, saa nne, saa sita. Vituo vyote vinne viko kabla ya saa nane! Maana yake umepanga safari nzima ya kupitia milango ya nyuma. Mtu anayeingia kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili asubuhi hajaenda kutazama mpira bado. Ameenda kutafuta kitu kingine, na mpira umekuwa kisingizio.

Najua utaniambia, "Pastor, Yesu mwenyewe aligeuza maji kuwa divai." Ni kweli, kule Kana, na sitakunyang'anya hilo andiko. Lakini litazame vizuri. Ilikuwa arusi, watu wamekaa na wenyeji wao, na Bwana alifanya muujiza ule akamwondolea mwenye nyumba aibu. Mpango wako unamwondolea nani aibu? Mara nyingi unamletea mtu aibu. Yule anayetapika kwenye mlango wa duka la mama asiyemjua pale Kericho amevaa jezi ya timu yako, na yule mama hatasema fulani mwana wa fulani alilewa. Atasema, hao mashabiki wa Nairobi ndivyo walivyo.

Sasa nataka nikuulize maswali matatu. Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe.

La kwanza: nani ameshika usukani?

Barabara hiyo unaijua. Kutoka Nakuru unapita Salgaa, unapanda Sachangwan, unafika Mau Summit, unakata kwenda Londiani na Kericho. Ni barabara ambayo imezika watu wetu. Tarehe 30 Juni 2023 pale Londiani Junction lori lilipoteza mwelekeo likawaparamia watu waliokuwa kando ya barabara, wachuuzi na wasafiri, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Wale hawakuwa wamekosa chochote. Walikuwa wamesimama tu, kwenye kazi na safari zao. Ikiwa mtu mwenye akili timamu hayuko salama kwenye ukingo wa barabara hiyo, wewe unateremka hapo usiku, miguu haikutii, unatafuta kichaka cha kujisaidia, na basi linapiga honi. Na dereva wako amekaa kwenye baa nne akiwasubiri. Mnataka kuniambia hakuna aliyemsukumia hata moja? "Kunywa, baba, wewe ni mmoja wetu." Ukarimu wa namna hiyo unaua.

Na kumbuka mpira ukiisha ni karibu saa kumi na moja jioni. Bado kuna kilomita 400 za kurudi, usiku, na kama mmeshinda, kuna sababu ya kusimama tena. Mkishindwa pia kuna sababu.

La pili: nani hawezi kuja kwa sababu ya mpango wako?

Hapa ndipo moyo wangu uko, mpendwa. Kwenye kila kikundi cha mashabiki yuko ndugu mmoja ambaye ameacha pombe. Labda ana miezi mitatu. Labda ana wiki tatu. Mkewe ameanza kulala usingizi tena. Watoto wameanza kumkimbilia akiingia mlangoni badala ya kumkimbia. Huyu ndugu ameipenda timu tangu utotoni, baba yake alimbeba mabegani kwenda Nyayo. Sasa mpango unaingia kwenye simu yake: Naivasha, Nakuru, Kericho, Kisumu.

Anajua mwili wake. Anajua Naivasha atasema soda. Nakuru atasema soda, na mtu atamcheka. Kericho mtu atamwekea glasi mbele bila kuuliza. Anajua hawezi kufika Kisumu.

Kwa hiyo anabaki nyumbani. Anasema ana kazi. Au, vibaya zaidi, anakuja.

Mmemlazimisha kuchagua kati ya timu yake na uhai wake, na hakuna hata mmoja wenu aliyekusudia hivyo. Mliandika tu majina ya baa. Lakini baa ikishakuwa ndiyo tiketi ya kuingia kwenye udugu, udugu huo umefungiwa mlango yule anayeuhitaji kuliko wote. Paulo aliwaandikia Warumi kuhusu jambo hili, sura ya 14. Hakuingia kwenye ubishi wa nani ana haki ya kula nini au kunywa nini. Aliwaambia ni afadhali uache nyama na divai kuliko kumwangusha ndugu yako. Haki yako ni kitu kidogo ukiiweka kwenye mizani na roho ya mtu.

La tatu: pesa hizo zimetoka wapi?

Nauli nakubali. Tiketi ya uwanja nakubali, nunua hata mbili, klabu zetu zinahitaji. Lakini jumlisha baa nne za kwenda na zile za kurudi, na zamu yako ya kununulia meza nzima ili usionekane mnyonge. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, halafu iweke kando ya karo, kodi ya nyumba na unga. Yule aliyebaki nyumbani akiambiwa "mambo ni magumu mwezi huu" ana macho. Atakuona ukirudi Jumatatu alfajiri, na atajua mambo yalikuwa magumu kwa nani.

Sasa sikia. Watu wa Mungu nao walikuwa na safari za ugenini. Kila mwaka Waisraeli walipanda kwenda Yerusalemu kwa sikukuu, wakisafiri kwa makundi, jamaa na majirani. Kwenye Zaburi, kuanzia 120 hadi 134, kuna nyimbo kumi na tano zinazoitwa nyimbo za kupanda, nyimbo za wasafiri hao. Kwa hiyo kuimba njiani si jambo geni kwa Mungu.

Na ni katika safari kama hiyo Yusufu na Mariamu walitembea siku nzima wakidhani mtoto Yesu yuko kwenye msafara, kumbe amebaki Yerusalemu. Siku nzima! Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu yuko na wengine. Kundi likiwa kubwa na lenye furaha, kila mtu hudhani fulani yuko na fulani. Ndivyo kijana anavyosahauliwa amelala nyuma ya baa Nakuru na basi linaondoka. Lakini wale wazazi walipogundua, walirudi. Waligeuza safari kwa sababu ya mmoja. Je, basi lenu lingegeuka?

Basi tufanye nini? Sikuambii ufute safari. Nakuambia andika mpango upya, na wewe uliyeokoka ndani ya kikundi hicho ndiwe wa kuuandika. Usikae kimya ukisema hayo ni ya watu wa dunia, wakati na wewe umelipa nauli kwenye basi lile lile.

Andika vituo vya chai na chakula. Naivasha chai na mandazi. Kericho chai pia, maana mko nyumbani kwake! Kisumu samaki na ugali, mle mshibe, mtu aingie Bukhungu na nguvu za kuimba dakika 90. Chukueni madereva wawili, na mmoja wenu aketi karibu na anayeendesha, aongee naye, aangalie macho yake. Mmoja awe na orodha ya majina na ayasome kila basi linapoondoka. Na mpigie simu yule ndugu wa miezi mitatu kabla hajasema ana kazi. Mwambie, "Safari hii hakuna baa. Nimekuwekea kiti karibu nami." Huenda mahubiri yangu yote ya mwaka huu hayatafanya kazi ambayo simu hiyo moja itafanya.

Wengine watanung'unika. Waache. Anayetaka kunywa atajua pa kwenda bila msaada wa ratiba. Utashangaa pia ni wangapi watakuambia kwa siri, "Asante, hata mimi nilikuwa nimechoka."

Sasa neno la wewe usiyependa mpira. Umewahi kujiuliza kwa nini kijana wako anapata udugu kwenye basi la mashabiki na hakuupata kwetu? Kule akikosa Jumamosi moja, simu kumi zinapigwa. Huku akikosa Jumapili nne, tunasema amerudi nyuma. Kule anajulikana kwa jina la utani. Huku anajulikana kama "yule kijana wa mama fulani". Tukiwahukumu wale wa basi bila kuwapa kiti kwetu, tumewapa sababu moja zaidi ya kusimama Naivasha. Kanisa lenye gari, siku ya mechi lisiogope kulijaza mashabiki. Gari halinajisiki kwa jezi.

Nakuombea wewe unayesafiri wikendi hii. Bwana akutangulie barabarani, akulinde Salgaa na Londiani, aamshe macho ya dereva wako, ampe nguvu yule anayepigana na chupa kimyakimya. Uende mzima, urudi mzima, na nyumbani wakufungulie mlango kwa furaha.

Na timu yako ishinde, kama haichezi na yangu.

Ukikubaliana nami sema Amina, kisha mtumie neno hili yule anayepanga safari yenu. Mtumie leo, kabla hajapiga simu ya kreti.

Barikiwa.