Rubani, kamera na giza la usiku: sheria iko wapi?

MEI 31, 2014, ndege ndogo aina ya Cessna 150 ilianguka karibu na Watkins, jimboni Colorado nchini Marekani, na kuua watu wawili waliokuwamo. Ulikuwa usiku, na mawingu yalikuwa chini mno. Karibu na mabaki ya ndege hiyo wachunguzi walikuta kamera ndogo. Safari ya mwisho haikurekodiwa, lakini zilizotangulia zilikuwamo: rubani na abiria wake wakijipiga picha kwa simu, na katika safari moja mmweko wa simu ukakiangaza chumba chote wakati ndege ikipanda.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi hiyo ilihitimisha kuwa rubani alipotewa na mwelekeo, akashindwa kuimudu ndege, na kwamba yaelekea simu ilimvuruga. Ilibainika pia kwamba hakuwa ametimiza masharti ya kubeba abiria usiku.

Masharti hayo si mazito. Mwenye leseni binafsi anatakiwa, ndani ya siku 90 zilizotangulia, awe ameruka na kutua mara tatu, kila mara akisimama kabisa, kati ya saa moja baada ya jua kuzama na saa moja kabla ya kuchomoza. Kutua mara tatu tu kwa miezi mitatu! Hata dereva wa daladala asingekabidhiwa gari kwa mazoezi ya kiasi hicho.

Itakumbukwa kuwa giza lenyewe halihitaji msaada wa kamera ili liue. Julai 16, 1999, John F. Kennedy Mdogo alianguka baharini na ndege yake karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, akafa pamoja na mkewe na shemeji yake. Uchunguzi ulitaja jambo lile lile: kupotewa na mwelekeo, usiku, juu ya maji, katika ukungu.

Hatari hiyo ina sababu zake. Jicho huhitaji takriban nusu saa kulizoea giza, na mwanga mweupe wa ghafla huiharibu kazi hiyo mara moja. Aidha, rubani anapoukaribia uwanja uliozungukwa na ardhi isiyo na taa, taa za njia ya kutulia humdanganya. Hudhani yuko juu kuliko alivyo, hushuka zaidi, na huweza kugonga ardhi kabla ya kuifikia njia. Ndiyo maana viwanja vingi vina taa nne kando ya njia: mbili nyeupe na mbili nyekundu zikionekana, kimo ni sahihi, zote zikiwa nyekundu, yuko chini mno. Kuzisoma kunahitaji macho yasiyo na kazi nyingine.

Mtazamaji wa filamu za kutua usiku haoni hayo. Huona shanga za taa zikisogea, muziki ukipigwa, magurudumu yakigusa lami. Filamu hizo zina faida pia, kwani mwanafunzi huweza kurudia kosa lake akiwa nyumbani, na mwalimu wake akamwonyesha mahali alipokosea.

Kwa hiyo kuipiga marufuku kamera kungekuwa kukurupuka. Kamera iliyofungwa bawani na kuwashwa kabla ya kuondoka haiombi chochote kwa rubani. Inayoshikwa mkononi huomba mkono, jicho na akili, vyote kwa pamoja.

Kwa mashirika ya ndege Marekani ilikwisha kulijibu suala hili mwaka 1981, ilipowakataza marubani wao kufanya lolote lisilo la lazima wakiwa chini ya futi 10,000, isipokuwa wakiwa katika safari ya kawaida angani. Mwenye ndege yake binafsi hakuguswa na kanuni hiyo. Haieleweki ni kwa nini abiria wa ndege ya viti viwili astahili ulinzi hafifu kuliko wa ndege ya viti mia mbili, hasa katika dakika chache za mwisho za kutua gizani.