Usiandike "laini na tamu" kwenye kitu ambacho hujaonja

Leo nasema kitu ambacho wengine mtanipinga: maelezo ya bidhaa uliyokopi kwa mwenzako ni hasara inayosubiri siku yake.

Nina duka hapa Chinongwe, ila mauzo mengi nafanya kwa simu, mzigo unapanda bodaboda kwenda Ruangwa au Nachingwea. Majuzi nikaletewa kutoka Dar chupa sita za divai nyekundu ya Italia, imeandikwa Langhe Nebbiolo 2022. (Leseni ya vileo ninayo, msianze.) Nikaposti picha na maneno niliyochukua kwa muuzaji mwingine: "laini, tamu, inateleza kooni." Mama mmoja akanunua mbili za wageni wa mahafali. Usiku akapiga.

"Shikamoo mama."

"Mwanangu, umeniuzia divai au siki? Wageni wote wamekunja sura!"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi sikuwahi kuionja. Nikamrudishia 180,000 yake yote.

Kesho yake nikafungua chupa moja mwenyewe. Harufu nzuri, kama mawaridi. Rangi haijakoza sana, ukiitazama unadhani ni nyepesi. Nikapiga funda. Weee! Mdomo ukakauka, ufizi ukakamatwa. Nikacheka peke yangu, maana ule ukakasi naujua tangu utoto: ni bibo. Kama umewahi kung'ata bibo la korosho ambalo halijaiva vizuri, basi na wewe umeshaionja.

Ndo nikaanza kusoma. Ukakasi wa divai unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na Nebbiolo ni moja ya aina zenye ukakasi mwingi. Halafu mwaka 2022 kaskazini ya Italia ilikauka kwelikweli. Mto Po ulishuka kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka 70, na tarehe 4 Julai serikali ikatangaza hali ya dharura kwenye mikoa mitano, ukiwemo Piemonte inakotoka chupa hii. Zabibu ikikosa maji inabaki ndogo: ganda lipo, juisi kidogo. Sisi wa mashambani hilo hatuhitaji kuelezwa. Na sukari nayo inajikusanya, ndo maana kileo kinapanda. Juu ya yote bado ni changa, ukakasi wake hupungua chupa ikilala miaka.

Yaani divai ilikuwa nzima. Kilichooza ni maelezo yangu.

Nikamimina iliyobaki kwenye jagi, nikaiacha saa moja, nikaiweka friji dakika 20 maana kwa joto letu kileo kinakupanda puani. Nikala na mbuzi wa kuchoma mwenye mafuta yake. Aisee, kitu kingine kabisa! Protini ya nyama inashikana na ule ukakasi kabla haujakausha mate yako.

Nikaposti upya: "Divai kavu ya mwaka wa ukame. Inakausha mdomo kama bibo. Imimine saa moja kabla, kunywa na nyama. Kama unapenda tamu, hii usinunue. Chini ya miaka 18 hapana."

Rafiki yangu mmoja akaniambia nimejiharibia, nani anataja ubaya wa mzigo wake? Mimi naona aliyesoma "usinunue" halafu akanunua, huyo hanipigii usiku. Na kama dini yako hairuhusu kuonja, basi usiiuze, kuna asali, mchele na mafuta ya ufuta tele, na hivyo navyo wengi mnaviuza bila kuweka mdomoni.

Zilibaki chupa tatu. Mbili zimeenda kwa watu wanaochoma nyama kila wikiendi, moja bado ipo. Yule mama nimemtumia maelezo mapya, tiki mbili za bluu, hajajibu.