Kufuli Mbili Ghalani, Kompyuta Wazi Nyumbani

Mfanyabiashara anayefunga ghala kwa kufuli mbili na kumlipa mlinzi kila mwezi, mara nyingi ndiye huyo huyo anayeweka orodha ya wadeni, ankara na kumbukumbu za hisa zake katika kompyuta moja ya nyumbani, ambayo watoto huichezea jioni. Orodha hiyo ikipotea, wadeni hawatakuja kumkumbusha.

Wengi hudhani barua-pepe ya hatari hutoka kwa mgeni. Mei 4, 2000 ilionyesha vingine. Barua yenye kichwa "ILOVEYOU", iliyoanzia Ufilipino, ilijituma yenyewe kwa watu wote waliomo katika orodha ya anwani ya kila aliyefungua kiambatisho chake, huku ikiharibu picha na mafaili mengine. Aliyeipokea aliona jina la mtu anayemfahamu. Kiambatisho kilionekana ni maandishi tu, kwani Windows ilificha herufi za mwisho za jina la faili, ambazo zingembainishia kuwa ni programu.

Siku hizi chambo si mapenzi, ni ankara. "Tumebadilisha akaunti ya benki, tazama kiambatisho." Jina la msambazaji wa siku zote liko pale pale. Simu ya dakika moja kwa namba iliyo katika ankara ya zamani, siyo iliyoandikwa katika barua hiyo, ni rahisi kuliko kulipia mzigo mara mbili.

Programu za kuzuia virusi zinafaa, na masahihisho ya Windows yasiahirishwe. Lakini hakuna muuzaji wa programu atakayemrudishia mtu daftari lake. Kinga ya kutegemewa ni nakala ya pili katika diski inayochomolewa.

Juni 27, 2017 virusi vya NotPetya, vilivyosambaa kupitia programu ya hesabu ya Ukraine, viliikumba kampuni ya meli ya Maersk, ikapata hasara ya dola milioni 250 hadi 300. Nakala muhimu ya mpangilio wa mtandao wake ilisalimika katika ofisi moja tu, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika (mara moja hii mgao ulileta faida!). Mwenye duka hahitaji kungojea bahati ya namna hiyo. Akishafunga hesabu za Jumamosi, anaweza kunakili na kuchomoa waya mwenyewe.