Maneno ya Kale Katika Michezo ya Watoto

Mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni maneno ya Kiingereza cha kale ambayo watoto wetu huyakuta katika michezo ya video.

Aghalabu michezo hiyo husimulia habari za wafalme, ngome na vita vya zamani; kwa hiyo watungaji wake hutia maneno ambayo Waingereza wa leo hawayasemi nyumbani wala sokoni. Mtoto huyaona, huyazoea, lakini maana yake haijui sawasawa.

Na tutoe mfano uliotufika sisi wenyewe. Siku moja chuoni tulikuwa tukisomesha Sira, habari ya kuzingirwa mji wa Taif katika mwaka wa 8 wa Hijra. Imesimuliwa katika vitabu vya Sira kuwa Waislamu walitumia huko manjaniki, yaani mtambo wa kurushia mawe. Kijana mmoja wa miaka 12 akainua mkono, akasema: "Maalim, huo naujua. Katika mchezo unaitwa mangonel." Wenzake wakacheka. Sisi nasi tukamwambia akae, asichanganye dini na upuuzi. Akakaa, na tangu siku ile hakuuliza tena neno.

Kimya kile kilitusumbua. Kiingereza chetu ni kile cha shule ya msingi tu, basi tukamwendea mtu mwenye kamusi kubwa. Tukaona kuwa mangonel la Kiingereza na manjaniq la Kiarabu ni ndugu: yote mawili asili yake ni neno la Kiyunani, manganon. Na mchezo wenyewe, Age of Empires II, uliotoka mwaka 1999, mtambo huo umo kweli. Kijana alisema haki. Aliyesema asilolijua ni mwalimu. Kipindi kilichofuata tukamwomba radhi mbele ya wenzake. Si jambo jepesi kwa mtu mwenye mvi, lakini siku ile ile akauliza maswali mawili.

Hata hivyo, kulisikia neno si kulijua. Mchezo wa Kijapani uitwao Dragon Quest, wa mwaka 1986, ulipofika Marekani mwaka 1989 kwa jina la Dragon Warrior, watu waliomo walisemeshwa Kiingereza cha kale, kwa thou badala ya you. Kijana asikiapo thou katika jumba la mfalme hudhani ni neno la heshima kubwa. Kumbe sivyo! Zamani thou aghalabu aliambiwa rafiki, mtoto au mtu wa chini. Mkubwa akiambiwa you, ambalo asili yake ni neno la wengi, kwa kumstahi. Kumwambia mkubwa thou kuliweza kuwa tusi. Sisi tulio na shikamoo hatuna haja ya kuelezwa sana: twajua kuwa neno lina mtu wake, na likimwendea asiye wake huharibika.

Basi enyi vijana, mkutapo neno geni, liandikeni daftarini, kisha ulizeni mambo matatu: maana yake nini, latoka wapi, na huambiwa nani. Msilitumie shuleni kabla ya kuyajua hayo.

Nanyi wazazi, wekeni mpaka wa michezo, isile wakati wa Sala wala wa masomo. Lakini mtoto ajapo na swali, msimcheke wala msimfukuze. Mkiwa hamjui, semeni: "Hatujui, tutafute pamoja." Neno hilo halimpunguzii mzazi heshima. Mtoto aliyenyamazishwa leo kwa swali la mchezo, kesho hatatuletea swali la dini yake.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu, sisi na watoto wetu. Amin.