Msimu wa Okot uwe somo kwa vyuo vya mpakani

Mumias tumezoea kuitaja kwa sukari. Kuanzia mwezi ujao mji huo utatajwa kwa sababu nyingine. Madina Okot, binti wa Mumias mwenye kimo kinachokaribia mita mbili, anaanza msimu wa 2025/26 wa mpira wa vikapu akiwa na Chuo Kikuu cha South Carolina, mojawapo ya timu kubwa kabisa za wanawake katika vyuo vya Marekani.

Tuipime kwanza timu yenyewe, maana mfanyabiashara hanunui mzigo kwa kusikia sifa.

South Carolina, chini ya kocha Dawn Staley, ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 2017, 2022 na 2024. Aprili 2025 ilifika fainali tena, ikafungwa na UConn 82-59. Baada ya hapo Te-Hina Paopao, Sania Feagin na Bree Hall walimaliza muda wao wa kuchezea chuo, naye MiLaysia Fulwiley akahamia LSU, wapinzani wao katika ligi moja. Kisha likaja pengo la pili. Ashlyn Watkins hatacheza msimu huu, na Chloe Kitts ameumia goti, naye atakaa nje hadi msimu uishe. Wote wawili ni wachezaji wa chini ya kikapu.

Upande wa faida, Ta'Niya Latson amewasili kutoka Florida State. Msimu uliopita ndiye aliyeongoza kwa kufunga katika vyuo vya daraja la juu, akiwa na wastani wa pointi 25 kila mchezo. Joyce Edwards, aliyekuwa mfungaji bora wa timu akiwa mwaka wa kwanza tu, bado yupo. Raven Johnson, anayepanga mchezo, naye amerudi.

Hesabu yetu ni hii: kwa wafungaji na wapangaji, timu ina mtaji wa kutosha. Chini ya kikapu imebaki na akiba ndogo, na sehemu kubwa ya akiba hiyo ni Okot. Msimu uliopita, akiwa Mississippi State, alifunga wastani wa pointi 11 na kudaka mipira zaidi ya tisa iliyorudi kutoka ubaoni katika kila mchezo. Akidumisha kiwango hicho na kujiepusha na faulo za mapema, tunaitarajia South Carolina kuwa miongoni mwa timu nne za mwisho zitakazokutana Phoenix mwezi Aprili. Akiumia, au akikaa benchi kwa faulo, itataabika mbele ya timu yoyote yenye wachezaji warefu.

Basi wapo watakaoamka saa tisa usiku kufuata matokeo kwenye simu, na wana haki ya kujivunia. Lakini fahari hiyo inakuja na swali.

Okot alisoma Kaya Tiwi, huko Kwale, kisha akaichezea Zetech, chuo kikuu kilichoko Ruiru, kabla ya kwenda Marekani mwaka 2024. Yaani kutoka magharibi alivuka nchi nzima hadi Pwani, akarudi hadi karibu na Nairobi, ndipo mlango wa ng'ambo ukafunguka. Je, ni wasichana wangapi wa Teso, Samia na Tororo wenye kimo na nguvu kama zake, ambao hawana nauli ya safari hiyo?

Gazeti hili linaamini kwamba jibu lipo hapa hapa mpakani. Upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, wilayani Busia. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe, kaunti ya Busia. Kati yao hakuna bahari. Kuna foleni ya malori na kituo kimoja cha mpaka ambacho marais wa nchi hizi mbili walikizindua mwaka 2018 ili safari iwe fupi. Timu za wasichana za vyuo hivi zikipangiwa michezo ya nyumbani na ugenini kila muhula, gharama yake haitazidi sana kukodi matatu kwa siku moja.

Sheria haizuii. Ibara ya 119 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo, na ibara hiyo hiyo inataja kukuzwa kwa Kiswahili. Tangu 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na mwanafunzi wa chuo mwenye umri wa miaka 18 anastahili kuwa nacho.

Kinachotakiwa ni utaratibu. Wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 waliwekewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa ili wasisumbuliwe na makaratasi ya waagizaji wakubwa. Timu za vyuo nazo ziwekewe njia kama hiyo: barua moja ya chuo, orodha moja ya wachezaji, ratiba moja inayotambuliwa na KBF ya Kenya na FUBA ya Uganda. Tunaziomba ofisi hizo mbili zikae meza moja na wakuu wa vyuo kabla ya muhula wa Januari.

Kuna sehemu ambayo haiwezi kuachiwa ofisi. Mazoezi mengi huwa jioni na Jumamosi, saa zile zile ambazo binti anatakiwa kibandani kupima mahindi au kubeba mafungu ya nguo. Mama anayetegemea mikono hiyo hana kosa. Watoto wanakula kutokana na kibanda hicho. Hata hivyo tunamwomba afanye hesabu anayoijua vizuri kuliko sisi. Saa mbili za mazoezi, mara tatu kwa juma, ni mtaji uliowekwa mahali ambapo faida yake huchelewa. Huenda isiwe Marekani. Inaweza kuwa ufadhili wa masomo nyumbani, au kazi katika timu ya kampuni, kama wanavyofanya wachezaji wa Mamlaka ya Bandari ya Kenya kule Mombasa.

Vyama vya wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Mella navyo vinaweza kuanza na jambo dogo. Wanachama wachange mipira miwili na nyavu mbili, seti moja kila upande wa mpaka, kabla Okot hajacheza mchezo wake wa kwanza wa msimu.